Ni Nani Anayegusa Maneno Yangu?

14 Mtaa wa Bethel,
Castlebeck,
Yorkshire.
Jumapili, 11 Novemba 1979

Dada yangu Enid,

Nakusalimu kwanza, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na theluji ya huko Toronto haijaanza kukufungia ndani. Shemeji Gordon hajambo? Na wapwa zangu je? Sisi huku tunaendelea vizuri. Audrey ana mafua yake ya kila Novemba, akipiga chafya vikombe vinagongana kabatini, lakini chakula anakula. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenipungua sana, na sababu ya kunipungua ndiyo inayonifanya nikae mezani leo na kalamu.

Najua umeigeuza hii bahasha mara mbili ukidhani kuna msiba. Hakuna aliyekufa. Kwa miaka mingi umepata kwangu kadi ya Krismasi tu, yenye majina mawili chini, basi. Leo unapata kurasa nyingi. Jitilie chai, ukae kitako, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na mimi ndiye ninayeonekana vibaya ndani yake.

Nianze na kazi, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Tangu mwaka hamsini na tano hadi miaka miwili iliyopita, kila Jumamosi ya msimu wa raga nilikaa kwenye kibanda cha waandishi, juu kabisa ya jukwaa, simu sikioni, nikisema ninachokiona. Siandiki, nasema. Gazeti letu la michezo, lile la karatasi ya kijani, lilitakiwa liwe mtaani kabla watu waliotoka uwanjani hawajamaliza samaki wao na chipsi, kwa hiyo muda wa kuandika haukuwepo. Mchezo unakwenda, wewe unasema, na kule ofisini kuna mtu amevaa kisikilizio anapiga taipureta. Mtu huyo kwetu alikuwa Nora Sugden. Miaka ishirini na miwili nilisema, yeye akataipu, na sidhani tulionana uso kwa uso zaidi ya mara kumi. Sauti yake ndiyo niliyoijua. Nikianza kunogewa na maneno yangu mwenyewe ananikata kwa ile sauti yake kavu, ananiuliza, Bado ni ndefu hiyo, Alwyn? Nilimwita kila jina, lakini nilimheshimu.

Jambo moja ulijue. Mimi nikishaweka simu chini, nimemaliza. Sisomi. Waandishi wa raga wa zamani wote tulikuwa hivyo. Gazeti likitoka sisi tuko kilabuni na bia mkononi, na mtu aliyekamatwa akisoma ripoti yake mwenyewe alitaniwa mwaka mzima. Walimwita Bibi Harusi, kwa sababu hatoki kwenye kioo. Kwa hiyo katika miaka yote hiyo sikusoma ripoti yangu hata moja. Cheka tu, najua unacheka.

Na watu walinipenda, Dada. Hilo ndilo lililokuwa linanishangaza. Mama za wachezaji walinisimamisha sokoni, wananishika mkono, wananiambia asante kwa maneno mazuri uliyomwandikia kijana wetu. Mimi nakumbuka Jumamosi iliyopita nimemwita huyo kijana wao gunia la viazi lenye miguu. Nikawa najisemea, basi, mama ni mama, hata tusi kwake ni sifa. Nikaendelea na safari yangu. Nilipopewa ile tuzo ya waandishi wa michezo wa kaskazini mwa Uingereza, walisoma jukwaani kwamba Threlfall ni mwandishi mwenye huruma kwa walioshindwa. Audrey alikuwa amekaa pembeni yangu, akanong'ona akiuliza kama kuna Threlfall mwingine.

Sasa, miaka miwili iliyopita akaja Bwana Lomax, mtayarishaji wa tamthilia kutoka Manchester. Akaniambia amesoma ripoti zangu tangu akiwa shule, na anataka tamthilia ya televisheni juu ya klabu ndogo ya raga, iandikwe na mtu aliyekaa kwenye tope, siyo na msomi wa London. Akasema anataka huruma ile ile. Nikaona, kwa nini nisijaribu? Nikaacha gazeti. Rafiki zangu wa kibandani wakanifanyia sherehe ya kuniaga, wakanipa kofia ya jua eti nakwenda kwa masupastaa.

Tabu ikaja kwamba mimi taipureta siijui, na nikikaa na karatasi tupu maneno hayaji. Yanakuja nikiwa na simu sikioni. Kwa hiyo nikawa naandika kwanza kwenye daftari, vipande vipande, kisha nampigia Nora, ambaye naye alikuwa amestaafu, namsomea. Yeye anataipu nyumbani kwake na kutuma moja kwa moja kwa posta hadi Manchester. Kule Manchester mswada unafikia mikononi mwa kijana mmoja, Crispin Hale, ambaye kazi yake ni kuupunguza uingie kwenye dakika hamsini. Na mimi, kwa mazoea yangu, nikishaweka simu chini nimemaliza. Walinitumia nakala zilizotaipiwa, nikazitupia chini ya ngazi bila kufungua.

Njia ya Majivu, ndivyo tulivyoiita tamthilia. Sehemu ya kwanza ilitoka Septemba mwaka huu. Tulikaa sebuleni, Audrey na mimi na majirani wa pande zote mbili, wamekuja na pai ya nyama. Inaonyeshwa fainali, na mlinzi wa nyuma, Walt, mzee wa klabu, anaudondosha mpira dakika ya mwisho. Timu imefungwa. Anarudi nyumbani, mkewe anamngoja. Kwenye daftari langu mke anasema: Umetuaibisha. Nilijua kabisa, kwa sababu niliandika mwenyewe na kupigia mstari. Lakini kwenye televisheni yule mwanamke hakusema hivyo. Akaweka sahani mezani, akavuta kiti, akasema: "Kula kwanza. Ulidaka mingi kabla ya huo."

Jirani yangu wa kulia, mtu aliyefanya kazi mgodini miaka thelathini, akatoa leso. Audrey akanigeukia, macho yamemlowa, akanishika goti. Na mimi nikapigwa na butwaa. Nikatabasamu, Dada. Nikapokea pongezi. Lakini ndani nilikuwa nachemka, maana nilijua kuna mtu amegusa maneno yangu.

Siku ya pili mji mzima unasema hilo neno. Mwenye bucha alinikatia ini, akadondosha kipande, akajiambia, Ulidaka mingi kabla ya huo. Foleni nzima ikacheka, ikanipigia makofi. Nilitamani sakafu inimeze.

Na haikuwa mara moja. Kila wiki kitu kinahama. Kocha wangu alikuwa anatukana, kwenye televisheni anatukana kisha anarudi kufunga kamba za viatu vya kijana aliyemtukana. Ungekuwa nami sebuleni ungeona mtu mzima amekaa na daftari mapajani, anafuata kwa kidole, kama karani anayetafuta wizi. Watu wanalia, mimi nasonya.

Usinielewe vibaya. Sikukasirika kwamba maneno yameharibika. Nilikasirika kwamba yamekuwa mazuri kuliko yangu. Nina miaka hamsini na minne, gazeti halitanirudisha, na sina kazi nyingine ninayoijua. Jina langu ndilo linalopita pale mwanzo kwa herufi kubwa. Kama maneno yanayowaliza watu si yangu, basi mimi pale ni nani? Hilo ndilo lililoninyima usingizi, na mpaka leo linaninyima.

Nikaanza kumtafuta mwizi. Wa kwanza kumshuku alikuwa mke wangu mwenyewe. Nilijiambia, hilo neno la kula kwanza ni la mwanamke, mwanaume hawezi kulitunga. Nikaanza kulificha daftari. Nililiweka chini ya godoro, nikalihamishia kwenye banda la makaa, nikafika hadi kufunga uzi mwembamba kwenye mtoto wa meza nione kama utakatika. Ukakatika. Nikamkabili. Kumbe alikuwa anatafuta mkasi. Audrey alinitolea macho, akaniambia eti kama angekuwa na muda wa kurekebisha kitu changu, angeanza na mlango wa choo nilioahidi kuutengeneza tangu Pasaka. Kisha akaniuliza, kwa upole ulionichoma zaidi, kama nimemshuku na mengine pia katika miaka yote hii. Nikasema hapana. Nilidanganya kidogo.

Nikamwacha. Nikamgeukia mwigizaji, yule aliyemcheza mke wa Walt. Nikamngojea nje ya studio, nikamuuliza maneno yale aliyatoa wapi. Akanishangaa, akasema anasema yaliyo kwenye karatasi, na kama angekuwa na uwezo wa kutunga maneno yale asingekuwa anakaa kwenye baridi ile akisubiri basi. Basi akabaki mmoja. Crispin.

Huyu Crispin, Dada, hata kabla sijamshuku nilikuwa simpendi. Miaka ishirini na tisa, amesoma vyuo vikubwa, amevaa skafu ndefu ndani ya nyumba, raga anaiita kitu cha kuvutia. Alinisalimia kila mara kwa heshima nyingi, Bwana Threlfall huku, Bwana Threlfall kule, na heshima ile ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nikasema, huyu ananiheshimu hivi kwa sababu ananiibia. Nikamtegea mtego.

Kwenye sehemu ya tano kuna mazishi ya mchezaji mzee. Nikaandika makusudi kitu kibaya kabisa: dereva wa basi la timu, wakirudi makaburini, anasema kwa sauti, Leo angalau tumepata nafasi ya kunyoosha miguu. Neno la ovyo, la mtu asiye na moyo. Nikamsomea Nora kwenye simu. Akauliza kama kawaida yake, Bado ni ndefu hiyo? Nikasema imekwisha. Nikampigia Lomax nikamwomba mswada ufike kwa Crispin peke yake, asiuone mtu mwingine. Nikajiambia, neno hili likibadilika, mwizi nimemkamata mkono ukiwa mfukoni.

Likabadilika. Sehemu ya tano ilipotoka, dereva hakusema neno lolote. Alivua koti lake, akalilaza kwenye kiti cha marehemu ili asikikalie mtu, akawasha basi. Basi zima kimya hadi nyumbani. Magazeti ya London yaliandika juu ya koti lile.

Asubuhi yake nikapanda treni hadi Manchester. Sikubisha hodi. Nilimwambia Lomax ama yule kijana aondoke ama mimi niondoke, hakuna msimu wa pili. Wakamwita Crispin. Alikuja na skafu yake, nikamwambia mbele ya bosi wake kwamba ni mwizi wa maneno na mnafiki. Akaapa kwamba hajagusa kitu zaidi ya nukta na urefu, kwamba amekuwa akikataza wengine wasiguse hata neno moja kwa sababu anaona mswada wangu ni mzuri kuliko yote aliyowahi kushika. Akasema anaweza kuniletea kurasa zenyewe kama zilivyofika, nizitazame. Nikamkatalia. Nikasema mimi sisomi kazi yangu nikishaituma, sijawahi, na sitaanza kwa ajili yake. Nilisema kwa kiburi, Dada, nikiwa nimeinua kidevu. Lomax alitazama dirishani muda mrefu. Ijumaa ile ile Crispin akafungasha vitu vyake. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

Nilirudi nyumbani nikiwa mshindi. Nikamwambia Audrey nimemkomesha. Audrey akasema vizuri, akaendelea kumenya viazi, hakunitazama.

Wiki tatu baadaye, ndiyo wiki iliyopita, ikaja bahasha kubwa kutoka kwa Crispin. Ndani kuna kurasa za sehemu ya tano, na kijikaratasi chenye mstari mmoja: Bwana Threlfall, alama zangu ni zile za wino wa kijani tu. Nikataka kuzitupa motoni. Nilizishika hadi jikoni. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa kuwa Audrey alikuwa pale ananiangalia, nikazisoma. Wino wa kijani ulikuwa kwenye nukta na mikato, na mahali pawili pameandikwa, punguza nusu dakika. Na pale kwenye basi, kwa herufi za taipureta, safi, bila kufutwa wala kurukwa, koti lilikuwa limelazwa kwenye kiti.

Audrey akanivutia kiti. Nikatoa zote zilizokuwa chini ya ngazi, sehemu kumi, tukazisambaza mezani na daftari langu pembeni. Mambo ya uwanjani yalikuwa yangu yote: tope, filimbi, nani kamkaba nani, mvuke unaotoka migongoni. Hakuna neno lililoguswa. Lakini kila mahali nilipomkata mtu kwa ulimi, palikuwa pamekuwa kitu kingine.

Jumanne mchana nikaenda kwa Nora. Anakaa peke yake upande wa pili wa mji, nyumba ndogo karibu na kanisa la Wamethodisti. Alikuwa anaoka keki za zabibu kwa mnada wa kanisa. Akaniona mlangoni na kurasa mkononi, akasema eti amekuwa akinisubiri tangu mwaka hamsini na tano, na kwamba nifute viatu.

Nilianza kufoka. Akaniacha nifoke hadi nikaishiwa, akanimiminia chai. Kisha akaniambia nina macho. Akasema hajawahi kukutana na mtu mwenye macho kama yangu, kwamba akiwa na kisikilizio kichwani alikuwa anauona uwanja wote, hata upepo. Lakini mdomo wako, Alwyn! Akasema Jumamosi ya kwanza kabisa nilimwita kijana mmoja kilema wa akili kwa kudondosha mpira, na kijana yule alikuwa anakaa mtaa mmoja naye, na mama yake alikuwa mgonjwa. Hakuweza kulitaipu. Vidole vilikataa. Akaandika kwamba mpira ulikuwa umelowa. Akajiambia kesho nitakuja juu kumfokea, na akifukuzwa, potelea mbali. Sikuja. Jumamosi iliyofuata akafanya tena. Sikuja. Ndipo akagundua kwamba sisomi. Akasema tangu siku ile amekuwa akimwogopa Mungu, siyo mimi.

Nikamuuliza kwa nini aliendelea hata kwenye tamthilia, ambako jina langu linapita kwa herufi kubwa. Akasema alidhani sasa nitaona. Unaandika kwenye daftari, una televisheni ndani ya nyumba, utaona tu. Alipoona simpigii, akadhani nimeona na nimekubali. Akasema alifurahi sana siku ile, alidhani hatimaye tunafanya kazi pamoja. Aliposikia kwangu kwamba kuna kijana amefukuzwa, akaweka chini kikombe. Hakuwa na habari. Nilipomweleza yote alilia, na mimi sikujua nishike nini nikabaki nimeshika keki.

Jumatano tukaenda Manchester wote wawili. Nilimweleza Lomax kila kitu, mbele ya Nora, sikubakisha. Nikampigia Crispin kutoka ofisi ile ile nikamwomba msamaha. Amerudishwa kazini Alhamisi. Tumeonana koridoni, akasema asante bila kunitazama, na ni haki yake. Mtoto alizaliwa akiwa hana kazi. Jina langu nimeliondoa kwenye tuzo ya waandishi wa televisheni waliyokuwa wamenipendekezea. Msimu wa pili, kama utakuwepo, jina la Nora Sugden litatangulia. Lomax bado hajaamua kama langu litafuata. Ameniuliza kama niko tayari kubaki kama mshauri wa mambo ya raga. Kule kibandani habari imeshafika, wanasema kumbe Threlfall kazi yake ilikuwa kushika simu. Wamenitumia mkono wa simu uliokatwa waya, wameufunga utepe.

Haya yote ningeweza kuyafunga kwenye kadi ya Krismasi. Ninachotaka kukuambia ni kingine, na nimezunguka kurasa zote hizi kwa sababu nakiogopa.

Tukirudi kwenye treni, tulipita kituo cha Stalybridge. Hapo Nora akasema kuna ripoti moja tu ambayo imemsumbua, nyingine zote analala nazo. Akasema ni ile ya Baba.

Unaikumbuka. Baba alipofariki, mwaka wa sitini, gazeti liliniomba maneno machache, kwa kuwa alikuwa ametunza nyasi za uwanja ule miaka thelathini na moja na mji wote ulimjua. Niliyasema kwa simu kutoka ofisi ya klabu, saa sita mchana. Wewe ulikuwa umekuja kwa mazishi, ukakata kipande kile cha gazeti, na kabla hujarudi Canada ukaagiza jiwe. Lilipowekwa wakati wa kuchipua majani, nilikwenda kulitazama peke yangu. Limeandikwa, kama ujuavyo: Hakusema mengi, lakini alitupenda.

Dada, mimi sikusema hivyo. Maneno yangu kwenye simu yalikuwa haya: Hakusema mengi, na sijui kama alitupenda. Ndiyo niliyosema. Niliposimama mbele ya lile jiwe nilidhani ni wewe. Nilijua kabisa kwamba ulikata kipande kile, ukaona neno langu halikupendezi, ukalibadilisha, ukalichonga kwenye jiwe nisiweze kulifuta tena. Nikasema, hata huzuni yangu Enid ameipangia mpango, kama alivyokuwa akinipangia nguo za kwenda kanisani. Sikukuuliza. Mimi huwa siulizi, nashuku tu. Na kwa ajili hiyo umepata kwangu kadi tupu miaka kumi na tisa. Ulipofanyiwa upasuaji sikupiga simu. Mwanao wa kwanza alipooa nikasema nina mechi. Hakukuwa na mechi, ilikuwa Julai, na Julai raga haichezwi.

Nisamehe, Dada. Wewe uliagiza kile ulichokisoma gazetini, na jina langu lilikuwa chini yake. Uliamini ni mimi niliyesema. Miaka yote hii umekuwa ukifikiri kwamba mdogo wako alijua Baba anatupenda, na labda hilo lilikufariji ukiwa mbali. Leo nakunyang'anya, na sijui kama nafanya vyema. Lakini nimechoka kusifiwa kwa maneno ya mwanamke ambaye hata hakuwahi kukutana na Baba.

Nilimuuliza Nora alithubutuje. Akasema hakuwa na uhakika wowote juu ya Baba. Alichokisikia ni mimi. Akasema nilikuwa nalia kwenye simu ile hadi akashindwa kunisikia, na mara mbili aliniambia nipumzike. Mimi nakumbuka vizuri sana kwamba sikulia. Audrey anasema nilirudi nyumbani macho yamevimba. Sasa sijui nimwamini nani, na kwa mara ya kwanza naona kwamba huenda asiyeaminika ni mimi.

Wewe una miaka kumi na mitano zaidi yangu. Ulimjua Baba kabla hajaenda kwenye vita vya kwanza, ulimjua akiwa bado anaongea. Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kumuuliza: alitupenda? Niandikie unavyojua, hata kama ni hapana. Usinirekebishie.

Audrey anakusalimu, anasema ukija atakulaza chumba cha mbele chenye jua, na kwamba mlango wa choo sasa unafunga. Nibusie wapwa zangu na watoto wao ambao sijawaona. Shemeji Gordon mwambie kwamba ile kofia aliyoniachia mwaka ule wa mazishi bado naivaa nikienda uwanjani. Goti usilitumikishe kwenye barafu.

Ni mimi mdogo wako,

Alwyn